Mgonjwa Wetu

Mhariri mkuu wa jarida la madaktari hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. "Mgonjwa wetu huyu hapa!" alisema kila kikao cha bodi ya jarida, akimpigapiga begani kwa kiganja laini kama cha mtoto, kisha akamwonyesha kiti kile kile cha mwisho wa meza, karibu na birika la chai. Mama wa watu, aliyeugua figo miaka nenda miaka rudi na kuwekwa kwenye bodi ili awasemee wagonjwa, alikuwa amechoshwa na vituko vya bwana huyo: kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, kucheka kabla ya kujibu, kukusanya makaratasi yake mara tu zamu ya mgonjwa ilipofika.

Leo jarida lilikuwa mezani, linanuka wino bado. Picha yake, akitabasamu, ilijaza nusu ukurasa. Aliyoyaeleza kuhusu dawa iliyojaribiwa, jinsi ilivyomtapisha mpaka akaiacha, hayakuwemo, na wagonjwa wenzake wangeimeza hivyo hivyo bila kujua. Kumbe muda wote alivishwa kilemba cha ukoka!

"Maneno yangu yako wapi?"

"Nafasi ilikuwa finyu, mama," alisema mhariri, mkono ukilitafuta bega. "Tungefanyaje?"

Aliusukuma mkono ule kama anayefukuza nzi.

"Mngeikata hiyo picha."