Platini za Baba

Jirani yangu akiwasha mashine ya kukatia majani, harufu ya petroli mbichi hupenya dirishani, nami uso huniwaka moto. Hamjui sababu, wenzangu, basi nisikilizeni.

Nilikuwa na miaka tisa, tumepanga nyumba Hyattsville, Marekani. Baba alifanya kazi ghalani, lakini moyo wake ulikuwa uani, kwenye injini kuukuu aliyoipata kwa mkulima wa Beltsville. Ilifanana na ile iliyoendesha kinu cha babu kule Tanga. Haikuwa na betri. "Moto inajizalia yenyewe," Baba alinieleza, akinionyesha magneto: gurudumu likizunguka, vipande viwili vya chuma viitwavyo platini hugusana na kuachana, cheche ikaruka. Alivisugua kwa msasa laini taratibu, kama anayekata kucha za mtoto mchanga.

Idi ilipofika, akaamua kuipeleka bustanini kwenye karamu yetu, watu wa pwani waisikie ikinguruma. Mama alikuwa mtu wa Singida, na mawifi zake hawakuchoka kumpima. Kwa mawifi hao alijifunza kuwa chombo cha sikukuu hung'arishwa kwa mafuta ya nazi. Basi asubuhi ile, Baba akiwa msikitini, akaipaka injini nzima, hata chini ya vifuniko.

"Nimeipaka mwenyewe, jamani, mpaka ndani!" akawaambia mawifi tulipofika. Ilimeremeta kweli.

Baba akazungusha mpini. Kimya. Akazungusha tena na tena, kanzu ikamganda mgongoni kwa jasho. Watoto wenzangu wakatoa simu wakaanza kumpiga picha. Shangazi, dada yake Baba mwenyewe, akasema kwa sauti, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu wakaangua kicheko.

"Baba, please, let's go home," nikamwambia. Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Akafungua kifuniko cha magneto, akagusa ndani kwa kidole, akakinusa. Akamtazama Mama, aliyekuwa akigawa kaimati huku uso umemchangamka. Shangazi alikuwa ameshainama kuchungulia.

"Umeona nini humo?"

Baba akafunga kifuniko. "Sijaona kitu, dada. Ufundi umenitoka tu."

Njia nzima sikumsemesha. Mtu mzima kushindwa mbele za watu, kisha akubali hivihivi!

Kesho yake Mama alipokwenda kazini, Baba alifuta platini kwa kitambaa chenye petroli, akazungusha mpini mara moja tu. Injini ikanguruma uani. Aliiacha kidogo, akaizima. Nikamuuliza mbona jana ilikataa. "Iliwaonea haya wageni," akasema, nami nikaamini.

Nilikuwa mtu mzima, nikihangaika na pikipiki kuukuu ya mume wangu, ndipo nilipojua kwamba mafuta yakiingia kwenye platini, cheche hairuki. Nikakaa chini palepale sakafuni. Kumbe kitambaa tu kingetosha, palepale bustanini, na kicheko chote kingemhamia Mama.

Mama hajui hadi leo. Wageni wakija huwasimulia, kwa madaha, jinsi alivyoing'arisha injini ikameremeta na mumewe akashindwa kuiwasha. Baba hucheka kuwapita wote. Mimi huinuka, nikajifanya nakwenda kuongeza chai.