Sahani Mbili za Zafarani

Mwaka 1967 Masouda binti Harub alikuwa na karatasi moja tu nyumbani kwake Maskati. Daftari alilokuja nalo kutoka Unguja lilikwisha kwa barua alizozianza akazichana. Zote zilikuwa za dada yake Kheiria, aliyemwacha huko bila ya kumuaga.

Watoto aliowasomesha Kurani hawakuwa na daftari. Aliwaandikia kwa wino wa masizi juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama walivyoandikiwa mababu zao. Wakishahifadhi, mfupa unaoshwa. Mwanzo aliona ajabu. Baadaye akazoea kuandika vitu vya kufutwa.

Siku hiyo Suud, jirani aliyekuwa akisafiri kwenda Mombasa mpaka Unguja, aliahidi kupita baada ya alasiri kuchukua barua. Masouda alikuwa amekoroga zafarani kwa marashi, amwandikie shoga yake Nasriya kombe la homa: aya kwenye sahani nyeupe, zisuuzwe kwa maji, zinywewe. Wino ukabaki. Akachukua sahani ya pili, akaijaribu barua humo, asije akaiharibu karatasi. Safari hii maneno yalikuja. Alieleza kwa nini hakuaga, akajaza mpaka ukingoni. Akaziacha sahani dirishani zikauke, akaenda kusali adhuhuri.

Aliporudi, Nasriya alikuwa amekaa kizingitini na sahani tupu mapajani.

"Nshakunywa, bi Masouda. Sikuweza kukungoja, nna kiu ya homa."

Masouda alitazama dirishani. Iliyobaki ilikuwa ile ya aya.

"Umekunywa yote?"

"Mpaka tone la mwisho. Juzi ulinibania, mistari mitatu tu. Leo umenijazia kama sahani ya harusi."

Nasriya hakujua kusoma. Masouda akamimina maji kwenye sahani ya aya, akampa.

"Malizia na hii."

"Mbili? Utanitoa hapa nikicheza ngoma."

Alipoondoka, Masouda aliitandaza karatasi. Akaandika salamu, kisha habari za afya. Pale yalipotakiwa yale maneno ya kwenye sahani, kalamu ilimkaukia mara mbili. Nje Suud akapiga hodi.

Masouda akachukua mkasi, akaikata karatasi chini ya salamu.

"Hii tu, mama?" Suud aliuliza.

"Hiyo tu. Mwambie nnamsalimu."

Nusu ya pili aliitia ndani ya msahafu. Mwaka 1970 ilikuwa bado imo humo, nyeupe.