Siroko Ipi?

Siku yangu ya kwanza kama mkalimani wa hospitali hapa Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Msimamizi wa Wakalimani alinikanya: “Mgonjwa akisema ‘mimi’, nawe sema ‘mimi’. Usiongeze, usipunguze. Usipoelewa, omba ruhusa uulize.” Kuuliza huko tulikuita ufafanuzi.

Mimi natoka Kenya. Wagonjwa wangu wengi walikuwa Wakongo. Nilipohamishiwa idara ya dharura, mtaa wa Edgbaston, mchana mmoja wa baridi kali aliletwa kijana aitwaye Safari, akitapika na kushika kichwa.

“Mama, mwenzangu Amani amebakia mu Siroko. Alianguka. Sikuweza kumubeba.”

Nikatafsiri. Daktari wa zamu akasema Siroko ni gari. Kaka yake aliwahi kuwa nalo. Muuguzi Mkuu akabisha: ni mgahawa, uko Northfield. Akapiga simu huko. Hakuna aliyeanguka. Polisi, waliopigiwa simu na daktari, nao wakaanza kuulizia gari, na Safari alikuwa anasinzia.

“Daktari, naomba ufafanuzi.”

“Haraka!”

Nikainama. “Ndugu yangu, usilale. Siroko ni gari? Ni nyumba?”

“Ni mashini, mama. Inapuliza moto, tunakaushia rangi. Jina iko ku ubavu. Na chumba tunaita vile vile.”

“Iko wapi?”

“Hockley. Mulango ya bleu, nyuma ya watu wa kutengeneza pete.”

“Mwulize kuhusu madirisha,” daktari akasema nilipomtafsiria.

“Tulifunga yote. Baridi.”

Daktari alibadilika uso. “Kaboni monoksidi.” Hiyo ni gesi isiyo na rangi wala harufu, itokayo moto unapokosa hewa. Muuguzi Mkuu alikuwa tayari anaongea na zimamoto.

Zamu yangu iliisha, sikuondoka. Kila mlango ulipofunguka nilisimama. Hatimaye Amani aliingizwa kwenye machela, barakoa ya oksijeni usoni, amefumba macho.

“Mwite kwa lugha yake,” daktari akaniambia.

Kabla sijafungua kinywa, Safari alishashuka kitandani na kumshika mguu. “Amani! Amani, ni miye!”

Vidole vya ule mguu vikacheza. Muuguzi Mkuu akageukia ukutani, akajifuta macho.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba Siroko ni upepo wa joto utokao Sahara, na kwamba watu wamebandika jina lake kwenye magari, migahawa, feni, hata mashua.

Sasa nimestaafu. Wajukuu nikiwasemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza chao cha hapa, na neno nisilolielewa naliuliza papo hapo. Wanacheka. Nangoja wamalize kucheka, kisha nauliza tena.