Mfalme wa Sebuleni kwa Mbuke

Mbuke anauza vyombo vya mtumba kando ya barabara, Tinde. Kitu kikikosa mnunuzi muda mrefu, anakibeba nyumbani. Ndivyo mfalme alivyofika sebuleni: picha kubwa ya kioo, mwanamume mnene, manyoya mabegani, miguu kaitanua kama mlinzi wa shimo la dhahabu.

Mpangaji wao, Mwalimu Nelly, ndiye aliyemtambua. "Henry wa Nane huyo, wa Uingereza. Zamani sana, miaka mia tano. Alioa wake sita."

Ndaki, mume wa Mbuke, tonge likamgandia hewani. "Sita?"

Tangu hapo akawa anakula huku anaitazama picha. Mwishowe akamwita baba yake, Mzee Mageni, akamwambia anataka kuongeza mke, binti wa kijiji cha Samuye. "Baba, hata wafalme waliongeza."

Mbuke alikuwa kapiga magoti kumwamkia mkwewe, mtoto mgongoni. Akabaki hapo hapo chini, akisikiliza.

Mzee akaigeukia picha, akaipima juu mpaka chini. "Huyu alitoa ng'ombe wangapi?"

Nelly akaitwa. "Hakutoa, mzee. Kwao baba wa binti ndiye anayempa mume mali."

"Anapewa mke, halafu anapewa na mali?"

"Ndiyo. Na wawili akawakata vichwa."

"He! Na mali karudisha?"

Nelly akasema hajui. Mzee akamtazama mfalme kama mtu aliyekimbia baraza.

"Ndaki, unataka kuoa kama huyu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ng'ombe wangu usiwaguse. Nenda Samuye, mwambie mkweo akupe wa kwake."

Mbuke akauma ncha ya kanga asicheke.

Ndaki hakutaka kurudi nyuma mbele ya mfalme. Akavaa jaketi la manyoya la mtumba, jua linachoma, akapanda pikipiki. Alirudi kabla ugali haujaiva, hana jaketi, kiatu kimoja.

"Mama Doto," akasema taratibu, "baba wa yule binti kaniuliza nimekuja kuoa au kuolewa. Halafu akafungua mbwa."

"Pole, baba Doto. Maji ya kuoga yako tayari."

"Hiyo picha irudishe sokoni."

"Nani atainunua? Muache akae, kashazoea."

Siku hizi Ndaki anakula akimpa mfalme mgongo. Mbuke anamfuta vumbi kila asubuhi, akianzia mabegani, polepole, kama mgeni aliyetoka mbali kwa ajili yake.