Noti Zilizopigwa Pasi

Kila nikipiga pasi shati lililotiwa wanga, mvuke unaponipanda usoni, fleti yangu ya Kilimani hutoweka nikajikuta jikoni kwetu mtaa wa Jamhuri, nikimtazama Shosho akipuliza makaa ndani ya pasi yake. Umeme tulikuwa nao, lakini Shosho, mama yake Baba, aliuona ni wa balbu tu. Alipiga pasi kila kitu: leso, shuka, nepi za mdogo wangu, hata noti ya sadaka kila Jumapili, kwani aliona aibu kumpelekea Mungu pesa iliyokunjamana. Tulimcheka, naye akatuambia tungoje tuzeeke.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani yake noti za Italia. Guka, marehemu mumewe, alizileta kutoka Uhabeshi, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Waitaliano. Zilikuwa pana, laini, zimefifia rangi, zikinuka tumbaku kwa mbali. Jioni Shosho aliniruhusu nizitandaze kitandani. Nilijilaza kando yake nikiota mji wenye ngazi nyingi na njiwa weupe, mji ambako noti zile zingeninunulia mkate wa moto. Ndoto ile naipenda hadi leo.

Kisha Baba akataka kuziuza anunue televisheni ya rangi.

"Mama, hizi si zinalala tu kwa mkebe?" alisema. "Na watoto kila jioni wako kwa jirani wakiangalia tivii."

Mimi nilimuunga mkono kwa moyo wote. Shosho aliendelea kupuliza makaa ya pasi yake.

Tukaenda sote watatu kwa mzee mmoja wa Lamu aliyekuwa na duka la vitu vya kale katikati ya mji. Alizishika kwa ncha za vidole, akaziinua kwenye mwanga.

"Hizi nzuri mno, mama," alisema. "Jumamosi mnunuzi wangu yuaja. Nakuombeni, msizioshe wala msizipige pasi. Zikipigwa pasi hakuna azitakaye."

Shosho aliitikia kwa kichwa, akazifunga kwenye leso.

Jumamosi asubuhi tulizikuta mezani, zimefuliwa kwa sabuni ya mche, zimetiwa wanga, zimepigwa pasi hadi zikawa ngumu na kung'aa.

"Ziende mjini zikiwa chafu, watu waseme nini?" Shosho aliuliza.

Baba alishika kichwa. Mzee wa Lamu alizitazama kwa huruma, akaturudishia. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Baba alisema uzee umemwingia mama yake, nami kwa miaka mingi nilimsikitikia Shosho wangu aliyesahau.

Nilipokua nikaanza kukusanya noti za wakati wa vita, za Ufaransa, za Ujerumani, Shosho akanikabidhi ule mkebe. Nikamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba wanga na pasi ndivyo vilivyoziharibia bei.

Alicheka hadi akapangusa macho.

"Wewe nawe! Guka yako alinipatia hizo siku alikuja kuniposa, hakuwa na kitu ingine. Niziuze juu ya tivii? Na si yule mzee mwenyewe alituambia zikipigwa pasi hakuna mtu atazitaka?"

Shosho ametutoka. Ninazo noti safi ambazo wakusanyaji wenzangu huzionea wivu. Za Shosho hakuna anayezitaka, na kila nikifungua mkebe, ile harufu ya wanga ikinijia, nafurahi kwamba bado ni zetu.