Herufi R Iliyoruka Mstari

Mpiga chapa alikuwa na msemo wake, na aliusema kwa majivuno: "Mimi huchapa, sisomi." Macho kwenye karatasi, vidole kwenye taipureta, akili kwenye chai yake. Ndivyo alivyofundishwa ujanani katika ofisi ya wakoloni. Uhuru ulipokuja aliondoka na mashine yake kuukuu, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu herufi r ilikuwa ikiruka juu ya mstari.

Miaka mingi baadaye, kijana mmoja alimletea riwaya yake ya kwanza ndani ya mfuko wa unga.

"Mwanangu, huu ni mwandiko au kuku amepita hapa na matope?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mama. Wengine wote wamenitimua."

Akacheka, akaanza kazi. Kurasa arobaini za mwanzo zilipokamilika, mwandishi alikuja akazichukua. Katika ukurasa uliofuata mwandiko ulikuwa mbaya kupita kiasi, ikambidi asome ili aelewe. Ilikuwa habari ya mwalimu aliyefukuzwa mjini kwake kwa barua ya mistari minne. Mwanawe, ndiye mwandishi mwenyewe, aliitunza barua ile. "Kila r iliruka kama panzi," mwandishi aliandika, "nikadhani hata herufi zinajaribu kutoroka."

Akaacha kuchapa. Barua za namna ile alichapa ngapi? Hakujua, maana hakusoma. Wakoloni hawakufukuza watu kwa mdomo mtupu. Walihitaji karatasi, karatasi ikahitaji vidole, na vidole vilikuwa hivi hivi vyake.

Angeweza kusema siku ile ile. Badala yake aliibeba mashine kwa fundi.

"Leo ndiyo unakumbuka, bibi? Miaka yote umeiacha iruke!"

"Wewe inyooshe tu. Maswali kamwulize mkeo."

Riwaya ikatoka, ikapata tuzo kubwa, ikasomwa mpaka ng'ambo. Jukwaani mwandishi alimwinua kitini. "Huyu mama hajakosea hata herufi moja!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yeye akatazama viatu vyake.

Zikafuata riwaya nyingine tano, zote zikapita mikononi mwake. Kwa miaka kumi na miwili, kila mara mwandishi alipobisha hodi na mfuko wake, maneno yalimfika kooni, akayameza, akamwandalia chai.

Asubuhi alipoletewa riwaya ya saba, hakuugusa mfuko.

"Mwanangu, ile barua ya baba yako. Niliichapa mimi."

Mwandishi hakushtuka. Alifungua mkoba wake, akatoa kurasa zilizofungwa kwa uzi. Zilikuwa zile arobaini za mwanzo. Kila r iliruka.

"Uliinyoosha mashine, mama, ukasahau kwamba hizi ninazo."

"Kwa hiyo ulijua? Ukanisifu mbele za watu?"

"Nilijua. Nilikuwa nakusubiri."

Heri angemtukana. Heri angeipiga teke mashine ikavunjika. Lakini alikaa tu, mikono magotini, kama mtu aliyekwisha kuzoea kungoja.

Chini ya kurasa ilikuwapo barua yenyewe, imechakaa kwenye mikunjo. Mpiga chapa akavaa miwani. Ilikuwa mistari minne. Akaisoma kwa sauti, polepole, na alipofika mwisho hakuweza kuinua macho.