Siku Niliyomgeuza Mbuzi Kibla Kibirichia

Wacha nianze na lile baya zaidi, mcheke mmalize, halafu tuendelee kwa heshima: nikiwa na miaka kumi na sita, ndevu mbili tatu zimeshaota kidevuni na ninazipaka mafuta kila asubuhi, nilijikojolea mbele ya D.O. wa serikali ya kikoloni, mbele ya chifu na mbele ya baraza zima la Kibirichia, huku nimeinua mikono juu na mkono mmoja ungali umeshika kisu. Haya. Nimeshasema. Mke wangu aliyajua haya baada ya miaka kumi na miwili ya ndoa, na alipoyajua alitoka nje kwanza ndiyo akacheka.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, vita vya Mau Mau, likizo ya Agosti. Wakubwa walikuwa wameona kwamba vijana wakikaa bure vijijini watapotelea msituni, basi wakaanzisha kambi ya siku kumi kule Kibirichia, Meru, kijana mmoja kutoka kila shule ya Embu na Meru, tucheze mpira, tuimbe, tujenge daraja la magogo, tujisikie watu wa nyumba moja. Shule yetu ikanituma mimi, mtoto wa Majengo, Embu mjini. Baba yangu, Mzee Salim, alikuwa na bucha pale sokoni. Babu yake alifika huku akiwa mpagazi wa misafara, na mpaka leo nyumbani kwetu hatujakubaliana kama alikuwa Mnyamwezi au Mmanyema. Mama ni Mmbeere aliyesilimu. Kwa hiyo Mwalimu Stefano, msimamizi wetu, mtu mpole wa kule Kanja, alipokuwa akiandika makabila yetu kwenye daftari, kwangu aliacha nafasi wazi akasema, "Tutajaza baadaye, Rajabu." (Haikujazwa.)

Lakini kabila halikuniuma kama chakula kilivyoniuma. Wenzangu kumi na tisa walikuwa wanakula kwenye karai moja kubwa, wamelizunguka, mkono huu unapishana na ule, vicheko, ugomvi wa kupendeza, na kila siku kulikuwa na vipande vya nyama ndani. Mimi sikujua nyama ile imechinjwa na nani, na baba alikuwa ameniapisha nisiiguse, basi mpishi akawa ananipikia viazi na mayai, kwenye sahani yangu mwenyewe, na mimi nakalia sanduku langu pembeni kama mgonjwa wa tetekuwanga. Siku ya tatu nikamsikia Mutwiri, kijana wa palepale Kibirichia aliyekuwa kiongozi wa hema letu, akiwaambia wenzake kwa sauti ya kutojificha: "Wacheni yeye. Huyo anaona sisi ni wachafu." Niliumia, jamani. Usiku huo sikuyamaliza mayai yangu.

Ndipo asubuhi ya siku ya sita chifu akatutumia mbuzi. Mbuzi mweusi, mzima, ana macho ya dharau. Mwalimu Stefano akaja kwangu amefurahi, akasema, "Rajabu, huyu utachinja wewe mwenyewe, ndiyo leo tukule wote pamoja. Wewe si mtoto wa bucha? Unajua kuchinja?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema hapana. Ni neno dogo tu. Lakini Mutwiri alikuwa amesimama pale, na wengine nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu nifike walikuwa wananitazama kama mtu wanayemhitaji. Nikasema, "Najua, mwalimu. Nimechinja wengi sana."

Ukweli ni kwamba pale bucha kazi yangu ilikuwa kufukuza nzi na kusugua meza. Baba alikuwa hanipi kisu. Alikuwa akisema mkono wa kutetemeka unamtesa mnyama, na wangu ulikuwa unatetemeka hata kwa kuku.

Sasa, siku hizo kisu hakikuwa kitu cha kubeba ovyo. Panga na visu vyote vilifungiwa kwenye ngome ya homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali, na ngome yenyewe ilikuwa ng'ambo tu ya shamba la viazi, imezungukwa na handaki refu lililopandwa vijiti vilivyochongwa. Mwalimu akaenda kutuombea kisu, akakileta, akanikabidhi, kisha yeye akarudi kulekule ngomeni kwa sababu D.O. alikuwa amekuja kufanya baraza na watu wote wa kijiji walikuwa wameitwa. Tukabaki vijana na mpishi mzee ambaye sikio lake moja lilikuwa limestaafu.

Nikakunja mikono ya shati kama ninavyomwona baba akifanya. Nikawaambia wamlaze mbuzi, wamfunge miguu mitatu na wauache mmoja (hilo nililijua), na wamwelekeze mlimani. Kwetu Embu, ukisimama bucha ukautazama Mlima Kenya, hapo ndipo kibla, yaani karibu karibu. Miaka yote nimemwona baba akimlaza mnyama kwa kuutazama mlima. Wakamlaza. Mutwiri akashika kichwa, akaniambia, kama Wameru wanavyoitana wenzao, kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha, "Haya, baite, fanya kazi."

Nikainama. Nikafungua mdomo nitaje jina la Mungu. Na palepale nikahisi jua kwenye shavu la kushoto.

Nikashtuka. Nyumbani, asubuhi, baba akichinja, jua humpiga shavu la kulia. Nikautazama mlima, nikalitazama jua, nikautazama tena mlima, nikaelewa: sisi tumeuzunguka mlima! Kule Embu uko upande wa kibla, huku Kibirichia uko mgongoni mwa kibla, na mimi nilikuwa nakaribia kumchinja mbuzi wa watu huku ameipa Makka kisogo!

"Ngojeni," nikasema. "Ageuzwe."

"Ageuzwe nini tena?" Mutwiri akauliza.

"Mlima umehama."

Wakatazamana. Mtu mwenye akili angewaambia wamburute tu vile alivyofungwa, lakini mimi, mchinjaji mkuu, niliona kamba inambana miguu, nikailegeza kidogo ili ageuke vizuri. Mbuzi hakuhitaji zaidi. Aliruka, akampiga Mutwiri kwato la kifua, akateleza kwenye mtaro wa maji uliokatiza shamba la viazi, akapotea humo. Nikaondoka mbio nyuma yake. Nikaondoka na kisu. Wenzangu wote wakaondoka nyuma yangu, kumi na tisa, wengine wameokota fimbo, na kila mmoja anapiga kelele, "Mkamate! Mzuieni! Asiingie ngomeni!"

Sasa hamieni upande ule mwingine, mkae chini barazani, mtutazame sisi. Mbuzi yuko mtaroni, haonekani. Kinachoonekana ni vijana wanaotoka mashambani mbio, fimbo juu, kelele juu, na aliye mbele ana kisu kinachometameta.

Filimbi ikalia. Halafu risasi, moja, hewani, na mimi sijawahi kusikia risasi karibu vile. Ilikuwa kama mtu amepasua ubao ndani ya kichwa changu. Watu waliokuwa wamekaa wakainuka wote kwa pamoja, akina mama na watoto mgongoni, wazee, wakakimbia kila upande, na wengine wakajitupa kwenye handaki. Kwenye handaki lile! Niliona hivyo kwa macho yangu. Chifu alikuwa amelala kifudifudi. D.O., kijana tu wa Kizungu mwenye madoadoa usoni, alikuwa amepiga goti nyuma ya meza na bastola inanitazama mimi.

"Lala chini! Hapana! Simama! Mikono juu!" homugadi akanipigia kelele. "Wewe nakimbia wapi na kisu?"

Mikono ikapanda juu. Kile kingine kikashuka. Suruali ilikuwa ya khaki, mnaijua khaki ikilowa.

Ndipo mbuzi akatoka mtaroni, akapanda daraja la ngome polepole, akalia, "Meee."

D.O. akauliza ni nini hii. Nikajibu kwamba nilikuwa nageuza kibla. Mkalimani akajaribu kulisema hilo kwa Kizungu, akashindwa. Mwalimu Stefano akaja mbio, amekuwa mweupe kama unga, akaeleza, na D.O. akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba kambi itafungwa leo hii, vijana watarudishwa makwao na barua mbaya, na mwalimu atakaa ndani mpaka ijulikane nani alimpa mtoto kisu. Kisha akanigeukia. "Wewe ni mchinjaji? Umechinja mbuzi wangapi?"

Wenzangu wote walikuwa wamekaa chini nyuma yangu, mikono kichwani. Nikasema, "Hakuna, bwana. Hata kuku. Nilimdanganya mwalimu. Nilitaka kula na wao."

Sijui ni lile la kula au ni ile suruali, lakini yule Mzungu aliirudisha bastola mkobani. Akatuacha tuendelee na kambi, mwalimu wetu naye, bila kisu. Mbuzi akazuiliwa ngomeni kama ushahidi, na jioni harufu ya ushahidi ukichomwa ilitufikia mpaka kwenye mahema.

Kambini jioni ile hakukuwa na chochote ila mahindi na maharagwe. Mpishi akachemsha githeri, akaimimina kwenye karai. Nikachukua sahani yangu kwenda kwenye sanduku, macho chini, nikijua hakuna atakayenisemesha tena maisha yangu yote. Mutwiri, kifua kimevimba, akaita: "Wewe mwongo wa Majengo, unaenda wapi? Hii haina nyama." Wakasogea. Nikakaa. Nikala mkono wangu ukipishana na yao, na walinicheka mpaka maharagwe yakawatoka puani, na mimi nikacheka, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niwaelezeje.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi tamu. Lakini kwenye lile handaki kulikuwa na Mama Kanana, jirani wa kina Mutwiri, aliyeruka na mtoto mgongoni, na kijiti kilipenya wayo wake kikatokea juu. Nilimwona akitolewa, hakulia hata kidogo, alikuwa anamkagua mtoto tu. D.O. alimpeleka hospitali kwa gari lake. Siku zilizobaki sote ishirini tuliacha mpira tukaenda kumchimbia viazi vyake, na aliporudishwa amefungwa mguu nilipiga magoti kumwomba msamaha. Akanitazama, akaniambia, "Mtoto wangu, mimi hata sikukuona. Nilisikia tu kelele za vijana, nikajua wamekuja." Sikuthubutu kumwuliza ni kina nani, wa msituni au wa serikali.

Mimi na wale kumi na tisa tulizikana, tukaozana dada, Mutwiri alikuja Embu kumzika baba yangu. Watu huniambia, Rajabu, kama si uongo ule usingewapata ndugu hao. Labda. Lakini kila nilipoenda Kibirichia nilimkuta Mama Kanana kwenye viazi vyake akichechemea, na nikatazama pembeni. Undugu tulipata sisi, mguu ulikuwa wake. Kwa hiyo mkiniuliza kama najua jambo nisilolijua, nitasema sijui, hata mnicheke, hata nile peke yangu mpaka nife.